Majira ya Kusafiri Katika Ziwa Nyanza

Katika nchi ya Japani mwaka umegawanyika majira manne, na kila moja lina alama yake iliyo wazi. Theluji huanguka wakati wa baridi. Mwisho wa Machi miti ya sakura huanza kuchanua katika mji wa Tokyo. Mwezi wa Juni huja mvua, na Agosti na Septemba huja tufani kubwa zitokazo baharini. Mgeni aendaye huko huuliza kwanza habari za miezi, ndipo apange safari yake. Watu wa Pasiansi, karibu na mji wa Mwanza, hawana theluji, wala miti yao haipukutiki yote pamoja. Kwa hiyo mgeni aweza kudhani ya kuwa kwao miezi yote ni sawa. Sivyo hata kidogo, hasa kwa mtu apandaye chombo kwenda Ukerewe au Kome.

Mwanza iko kusini ya ikweta, wala si mbali nayo, na ziwa limeinuka kadiri ya meta 1,134 juu ya bahari. Hivyo joto la Januari na la Julai halipitani sana. Yapambanuayo majira ni mvua na upepo. Mvua za vuli huanza Oktoba au Novemba, zikaendelea hata Desemba, kisha hupungua, masika huja Machi, yakafika Mei. Toka Juni hata Agosti ni kiangazi: nyasi hukauka, pamba huvunwa, njia za udongo hupitika, na dagaa huanikwa juu ya mchanga na mawe pasipo hofu. Dagaa wakinyeshewa huoza, na kazi ya usiku mzima hupotea.

Lakini hatari ya ziwa haitokani na mvua tu. Mchana jua hupasha nchi kavu joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya nchi hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kushika mahali pake. Huo ndio upepo ambao watu wa ufukoni huusikia usoni alasiri. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, maji hubaki na uvuguvugu, na pepo hutoka pande zote za nchi kavu kwenda ziwani. Ziwa hili ni kubwa mno, lina kadiri ya kilometa za mraba 68,800. Basi pepo hizo hukutana katikati, na kwa kuwa hazina mahali pa kwenda, hupanda juu, zikafanya mawingu mazito yenye radi. Ndiyo sababu mtu alalaye Pasiansi aweza kuona nyota juu ya paa lake, huku umeme ukimulika mbali juu ya maji. Mvuvi aliyetoka na taa zake jioni tulivu huweza kukutwa na tufani hiyo kabla ya mapambazuko. Wakati wa masika na wa vuli hutokea mara nyingi zaidi.

Henry Stanley aliondoka Kageye, pwani ya kusini ya ziwa, tarehe 8 Machi 1875, kwa mashua yake iliyoitwa Lady Alice, akalizunguka ziwa, akarudi mwezi wa Mei. Yaani alisafiri katika masika yenyewe! Si ajabu kwamba alipatwa na dhoruba njiani. Manahodha wa majahazi ya Unguja wasingalifanya hivyo: wao tangu zamani walingoja kaskazi iwalete kutoka Arabuni, na kusi iwarudishe.

Hata ndege hazikuachiliwa. Tarehe 6 Novemba 2022, wakati wa vuli, ndege iliyokuwa ikienda Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilianguka ziwani karibu na uwanja, wakafa watu 19. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waliofika kwanza kuokoa.

Basi kiangazi ndicho bora? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Ila upepo wa kusi una nguvu miezi hiyo, nao huinua mawimbi makali kwenye maji mapana. Mwenye mashua ndogo huondoka asubuhi na mapema, kabla upepo haujashika. Wakati wa mvua hufanya kinyume: hungoja mawingu ya alfajiri yapite kwanza.

Tena majira hayatoshi peke yake. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Masika yalikuwa yamekwisha tangu Mei. Kivuko kilikuwa kimepakia watu kupita kiasi chake, na gati lilikuwa limeonekana tayari.