Je, Wajua? Panya wa Morogoro Hunusa Mabomu ya Ardhini

Mkulima wa Sumbawanga anapoinua jembe kufukia majani kwenye matuta ya duara ya Kifipa, anachohofia ni mawe na visiki. Kwingineko, jembe kama hilo huweza kugonga bomu lililotegwa ardhini, miaka mingi baada ya vita kwisha. Bomu hilo halichagui: likanyagwe na askari, mtoto au ng'ombe, hulipuka.

Je, wajua kwamba Tanzania ndiko panya buku hufundishwa kunusa mabomu hayo? Shirika la APOPO huwafunza Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Panya hunusa baruti yenyewe, si chuma. Akiipata, hukwaruza udongo. Uzito wake, kama kilo moja hivi, hautoshi kulipua bomu.

Panya mmoja, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifichua vilipuzi zaidi ya 100 Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Wenzake walisaidia kusafisha Msumbiji, iliyotangazwa kumaliza mabomu hayo mwaka 2015.

Kumbuka: Ukiona chuma usichokijua shambani, usikiguse. Rudi kwa njia uliyojia, ukatoe taarifa polisi.