USITIE SAINI KABLA YA KULIPWA
Taarifa kwa wakazi wa kambi wenye ndugu wanaofanya kazi ya ujenzi Marekani

Wengi wenu mna ndugu waliohamia Marekani miaka iliyopita. Baadhi yao ni mafundi na vibarua wa ujenzi, na pesa wanazowatumia hapa kambini zinatoka katika kazi hiyo. Mtu anaweza kupoteza jasho lake kwa kutia saini karatasi moja asiyoielewa. Tafadhali soma, kisha mweleze ndugu yako mnapozungumza kwa simu.

KARATASI HIYO NI NINI?
Huko Marekani, aliyefanya kazi kwenye nyumba ya mtu asipolipwa, sheria inampa haki ya kuandikisha dai juu ya nyumba yenyewe. Dai likiandikishwa, mwenye nyumba hupata shida kuiuza mpaka deni limalizike. Kwa hiyo, wakati wa malipo, mkandarasi huwataka mafundi watie saini hati ya kuachilia haki hiyo. Kuombwa hati si jambo baya. Hatari iko katika aina ya hati.

AINA ZA HATI
(a) Hati yenye masharti. Haki yako inaachiliwa pale tu pesa zinapopokelewa.
(b) Hati isiyo na masharti. Haki yako inakwisha mara unapotia saini.
Kila aina inaweza kuwa ya malipo ya sehemu ya kazi au ya malipo ya mwisho.

Tuseme kaka yako anadai dola 1,800 za kupaka rangi. Anapewa hundi, anatia saini hati isiyo na masharti, kisha benki inaikataa hundi. Pesa hana, na haki juu ya nyumba hana tena. Angetia saini hati yenye masharti, haki yake ingebaki.

SHERIA ZINASEMAJE?
Kila jimbo lina sheria yake. Takriban majimbo 12 yameweka maneno maalum ya hati.
- California: kuna mifano minne ya hati. Hati isiyofuata mifano hiyo haina nguvu. Ile isiyo na masharti ina onyo kwamba itakubana hata kama hujalipwa.
- Texas: tangu 2012 hati lazima ifuate mfano wa sheria. Hairuhusiwi kumdai mtu hati isiyo na masharti kabla hajapokea pesa.
- Georgia: aliyetia saini huhesabiwa amelipwa zikipita siku 90, hata kama hajaona senti moja, isipokuwa awe ameandikisha kiapo cha kutolipwa. Kabla ya 2021 zilikuwa siku 60.
- Majimbo mengi mengine hayana mfano. Mkandarasi anaweza kuandika atakavyo, hivyo kila neno lisomwe.

MWAMBIE NDUGU YAKO:
1. Asitie saini karatasi asiyoweza kuisoma. Aombe mtu amtafsirie kwanza.
2. Kama pesa hazijaingia benki, atie saini hati yenye masharti tu.
3. Ahakikishe kiasi na tarehe vimeandikwa sawasawa, na abaki na nakala.
4. Akinyimwa malipo, asikae kimya. Muda wa kudai ni mfupi. Aende mapema kwa wakili wa msaada wa sheria, na kama ni mshahara, ofisi ya kazi ya jimbo lake.

Msomee na jirani asiyejua kusoma.