Sampuli 48,000 Zinatosha Koni

Kituo cha umeme cha Koni, kwenye mto Lufira karibu na Likasi, kilianza kazi mwaka 1950. Umeme wake ni wa hezi 50, na transfoma za umeme wa namna hiyo huvuma kwa hezi 100, kwa kuwa chuma kilichomo ndani hutanuka na kusinyaa mara mbili katika kila mzunguko. Anayekwenda kurekodi filamu mahali kama hapo hutakiwa kwanza kuchagua: sampuli 44,100 kwa sekunde, 48,000 au 96,000? Wengi hukimbilia namba kubwa wakidhani ndiyo sauti safi. Nashikilia 48,000.

Kinasa sauti cha kidijitali hulipima wimbi la sauti tena na tena, kila kipimo kikiwa sampuli moja, kisha wimbi hujengwa upya kutokana na vipimo hivyo. Ili mlio urudi ulivyokuwa, vipimo vizidi mara mbili ya mitetemo yake. Sikio la binadamu hukomea karibu na hezi 20,000, basi 48,000 zinatosha na kubaki. Mvumo wa transfoma wenyewe hupata vipimo 480 kwa kila wimbi. Ukiupa 960 hauwi mtamu zaidi, wala hautoki kwenye maneno ya fundi anayehojiwa. Dawa yake ni kusogeza maikrofoni karibu na mdomo wake na kuipa transfoma kisogo.

Mtu atasema hata 44,100 zinalitosheleza sikio. Kweli, na ndiyo namba ya santuri za CD. Lakini filamu ya picha 24 kwa sekunde hupata sampuli 2,000 kamili kwa kila picha zikiwa 48,000. Zikiwa 44,100 hupata 1,837 na nusu. Programu za kuhariri hurekebisha hilo, ila faili la 44,100 likisomwa kimakosa kama la 48,000, mahojiano ya saa nzima huisha kwa dakika 55, sauti ikawa nyembamba na midomo ikaachwa nyuma. Namba 96,000 ina kazi yake pia: anayetaka kupunguza mwendo wa mngurumo wa maji hadi nusu ataihitaji, iwapo maikrofoni yake inanasa milio ya juu kiasi hicho. Kwa mazungumzo ni kujaza kadi tu, maana chaneli moja ya biti 24 hula takriban megabaiti 518 kwa saa zikiwa 48,000, na maradufu zikiwa 96,000.

Kabla ya kuondoka Likasi, weka kamera na kinasa sauti vyote kwenye 48,000. Ukifika, vaa hedifoni usikilize kwanza, kisha ndipo urekodi.