Dantu: Damu Inayokikazia Kimelea cha Malaria

Je, wajua kwamba huko Kilifi, pwani ya Kenya, watoto si haba wana aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo kwingi duniani ni nadra? Aliyerithi nakala moja ya jeni ya Dantu, hatari yake ya kupata malaria kali hupungua kwa asilimia 40 hivi. Aliyeipata kwa baba na kwa mama, hupungua kwa asilimia 70 hivi.

Siri imo kwenye utando wa seli nyekundu. Utando huo ni tabaka mbili za mafuta zilizopachikwa protini za kila umbo. Iitwayo bendi ya 3 hupenya na kurudi mara nyingi, ikaacha njia ya kupitisha chembe za chumvi. Spektrini haipenyi kabisa. Imejisuka upande wa ndani na kuushikilia utando. Glaikoforini, mhusika wetu, hupenya mara moja tu. Mkia wake umo ndani ya seli, kichwa kiko nje, kimejaa sukari zenye chaji hasi, na ndiyo maana seli nyekundu husukumana badala ya kugandana.

Kimelea cha Plasmodium falciparum hushika glaikoforini kinapoingia kwenye seli. Katika Dantu, jeni mbili za protini hiyo zimechanganyika: kichwa ni cha glaikoforini B, mkia ni wa A. Basi ungedhani kimelea kimekosa pa kushika tu. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature, uliotumia damu ya watoto wa Kilifi, ulionyesha jambo la ajabu zaidi. Chini ya hadubini vimelea vilizifikia seli za Dantu, vikazigusa, lakini mara nyingi vikashindwa kuingia. Utando wa seli hizo umekazwa kama ngoma iliyowambwa vizuri, ilhali kimelea huhitaji utando unaonepa ili kijifunike nao. Hata kwa wasio na Dantu, seli ambazo utando wake umekaza kupita kiwango fulani ziliponyoka.

Dawa ya kuukaza utando namna hiyo bado hatuna, na si kazi rahisi, maana seli nyekundu hulazimika kujikunja ili ipite kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Na Dantu hupunguza hatari, haiiondoi. Mwenye nayo naye alale ndani ya chandarua, na akipata homa akapimwe.