Mfumo Endeshi wa Seva: Uamuzi wa Kiufundi Unaomgusa Mkaazi

Mkaazi anapolipia kibali cha biashara kwa simu, au zahanati ya Hulugho inapotuma takwimu za chanjo, taarifa hizo hupitia kwenye seva, yaani kompyuta inayofanya kazi saa 24 na kuunganisha mifumo ya idara mbalimbali. Programu ya msingi inayoiendesha kompyuta hiyo huitwa mfumo endeshi. Ukikwama, malipo hayaonekani na takwimu hazifiki.

Mifumo endeshi inayotumika zaidi kwenye seva ni Linux na Windows Server. Windows Server hulipiwa leseni. Aina nyingi za Linux hupatikana bila malipo, ila zinahitaji mtaalamu anayezifahamu. Tangu 2011, Kenya hukusanya takwimu za vituo vya afya kote nchini kupitia DHIS2, programu iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambayo kwa kawaida huendeshwa kwenye Linux.

Kabla ya kuchagua, mambo manne hupimwa:

1. Matakwa ya programu. Mtengenezaji wa programu ya kuunganisha mifumo hutaja mifumo endeshi anayoikubali. Ukitumiwa mwingine, huenda asitoe msaada hitilafu ikitokea.

2. Muda wa marekebisho ya usalama. Marekebisho ya kawaida ya Windows Server 2012 yalikoma tarehe 10 Oktoba 2023, na ya CentOS 7, aina mojawapo ya Linux, tarehe 30 Juni 2024. Seva isiyorekebishwa ni mlango wazi kwa wadukuzi.

3. Mtaalamu aliye karibu. Nairobi iko zaidi ya kilomita 350 kutoka Garissa. Mfumo ambao hakuna mtumishi wa kaunti anayeweza kuurekebisha huchelewesha huduma.

4. Gharama yote. Kando na leseni, kuna mafunzo, umeme wa dharura na nakala za akiba za data.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazitaka taasisi zilinde taarifa za watu binafsi, zikiwemo za wagonjwa. Kwa hivyo, bajeti ya teknolojia inapojadiliwa katika vikao vya ushirikishwaji wa umma, mkaazi ana haki ya kuuliza: marekebisho ya mfumo huu yataendelea hadi mwaka gani? Nani ataurekebisha ukikwama usiku? Nakala za akiba zinahifadhiwa wapi?