Chombo Kikijaa Maji Kisizame

Wanachama wenzetu,

Msimu uliopita tulikwenda Fundo kutafuta wachumaji, na jioni tukawa tunarudi Wete kwa mashua ndogo ya tanga. Upepo wa kusi ulikuwa ungali na nguvu. Pamoja nasi alikuwamo kijana mchumaji aliyetoka Ndalambo, Mkoa wa Songwe, bara kabisa upande wa mpaka wa Zambia, mbali sana na bahari. Tulipofika katikati, mawimbi mawili yaliingia chomboni, moja baada ya jingine. Nahodha alimpa kata, naye akafua maji bila ya kuinua kichwa mpaka tulipopata utulivu.

Ndipo alipouliza: "Samahani, mzee. Chombo hiki ni cha mbao, na mbao huelea. Basi kikijaa maji kitazamaje?"

Nahodha akamjibu: "Mbao haizami, mwanangu. Hiyo farumi uliyoikalia ndiyo itakayotuvuta chini, na nanga, na mashine ile ya tezi."

Sisi tuliozaliwa kando ya bahari tulinyamaza, maana swali lile lilitupasa sisi kuliuliza zamani. Ngalawa ya gogo la mwembe, yenye mirengu yake, ikijaa maji kwa kawaida hubaki juu, na wavuvi huishika mpaka wakapata msaada. Lakini mashua ya mbao iliyotiwa mawe na mashine huenda chini, na watu hubaki bila ya kitu cha kushika. Hatuhitaji kukumbushana mengi. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikija kwetu Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 Skagit ikazama karibu na Chumbe. Katika msiba ule wa kwanza walikuwapo waliookolewa wakiwa wameshika magodoro. Kitu chochote chenye hewa ndani yake kilikuwa uhai.

Dawa yake si ngeni duniani. Mwaka 1961 gazeti la Life la Marekani lilitoa picha za Bwana Richard Fisher ameketi ndani ya boti yake aina ya Boston Whaler huku ikikatwa kwa msumeno vipande viwili, isizame. Siri yake ni kuwa mwili wa boti ile umejazwa povu gumu lenye vijitundu vingi vya hewa vilivyozibwa. Sisi hatuna haja ya kununua boti ya namna hiyo. Madumu matupu ya mafuta ya kula yanatosha.

Hesabu yake ni nyepesi. Lita moja ya hewa iliyozamishwa majini hubeba kiasi cha kilo moja. Kwa hiyo dumu la lita 20, ukitoa uzito wake lenyewe, hubeba kiasi cha kilo 19. Tuseme mashua ina farumi ya kilo 60, nanga ya kilo 12 na mashine ya kilo 40. Jumla ni kilo 112. Madumu sita hubeba kilo 114, na hapo hakuna akiba. Madumu manane hubeba kilo 152, na kilo 40 zinazobaki ni za watu. Msidhani kilo 40 ni chache kwa watu wanne: mtu aliye ndani ya maji hadi shingoni huhitaji kushikiliwa kidogo tu. Lakini akipanda juu ya chombo kilichojaa maji, uzito wake wote hukielemea. Basi kaeni majini, mshike ukingo, wala msikiache chombo kwa kuogelea pwani.

Mahali pa kufunga pana maana kubwa. Madumu yakiwekwa chini katika ngama, chombo kitapinduka, kwa sababu hewa hutaka kupanda juu. Yafungeni juu ubavuni, chini ya ukingo: mawili omo, mawili tezi, na mawili kila upande wa katikati. Kamba ipite juu ya dumu na kukazwa kwenye mataruma au chini ya viti, kwani dumu huvuta kwenda juu kwa nguvu kama ile ya mzigo uvutavyo chini. Asiye na madumu atumie chupa za plastiki zenye vifuniko, azitie katika nyavu. Chupa 14 za lita moja na nusu ni kama dumu moja. Mwenye kutumia povu jeupe la masanduku alifunike vizuri, maana petroli huliyeyusha.

Kila msimu yakaguliwe, kwa sababu jua hudhoofisha plastiki, na dumu lenye ufa halina kazi. Kisha chombo kijaribiwe kwenye maji ya kiunoni: kijazeni maji na vitu vyake vyote vikiwamo, mwone kama kinakaa sawa.

Wala mtu asifanye madumu kuwa ruhusa ya kupakia kupita kiasi. Mawimbi yakizidi, magunia ya karafuu yatupwe kwanza. Karafuu itachumwa tena mwakani.

Tunaomba kila mwanachama anayevusha wachumaji atimize haya kabla ya mavuno kuanza. Na jambo moja kwa watu wa nyumbani: dumu la chombo lisiazimwe kwenda kutekea maji. Tumekwisha kuona mashua moja ikiondoka na kamba tupu. Watu hawa hutoka kwao mbali kuja kutuchumia, na wengine hawajui kuogelea. Tumewapokea kwa mikono yetu, na ni juu yetu kuwarudisha wazima.

Katibu