Msimbo Usio na Mwandiko wa Mtu

Kompyuta haijali jinsi msimbo ulivyopangwa ukurasani, ilhali binadamu anayeusoma huutegemea mpangilio huo kuliko anavyodhani, na katika mwanya huo ndimo lilimojificha kosa ambalo kampuni ya Apple ililirekebisha kwa dharura tarehe 21 Februari 2014, ilipotoa toleo la 7.0.6 la mfumo wa iOS. Msimbo, yaani matini ya maagizo anayoyaandika mwanaprogramu kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine, ulikuwa umeandikwa kwa lugha ya C, na sehemu yenye kasoro ndiyo iliyopaswa kuihakiki sahihi ya kidijitali inayothibitisha kwamba tovuti iliyofunguliwa ni ile inayodai kuwa. Humo agizo la goto fail, linaloiamuru programu irukie mwisho wa kazi, lilikuwa limeandikwa mara mbili:

if ((err = SSLHashSHA1.update(&hashCtx, &signedParams)) != 0)
    goto fail;
    goto fail;

Katika C sharti la if lisilofuatwa na mabano ya mawimbi hutawala agizo moja tu, hivyo lile la pili halikuwa chini ya sharti lolote, bali lilitekelezwa kila mara. Na kwa kuwa hadi hapo hakuna hitilafu iliyokuwa imesajiliwa, kazi nzima ilimalizika kwa kutangaza kwamba mambo ni salama, sahihi yenyewe ikiwa bado haijakaguliwa. Aliyeusoma msimbo huo aliona mistari miwili iliyojongezwa sawasawa, yaani iliyosogezwa ndani kwa nafasi tupu zilezile, akaamini kwamba yote miwili iko chini ya sharti. Ujongezo ulikuwa umesema uongo, na C haina kanuni ya kuadhibu uongo wa namna hiyo.

Hata hivyo, zipo programu ambazo kazi yake ni kuuchukua msimbo wa mtu na kuupanga upya kwa kanuni zisizobadilika. Historia yake ni ndefu, nayo huanza na wataalamu wa lugha ya Lisp wa miaka ya 1960, waliochoshwa na mabano yasiyohesabika, lakini inatosha kutaja tatu zinazojulikana sana leo: gofmt, iliyokuja pamoja na lugha ya Go mwaka 2009, Prettier, iliyotolewa na James Long mwaka 2017 kwa ajili ya JavaScript, na Black ya lugha ya Python, ambayo Łukasz Langa aliitoa mwaka 2018 na kuipa jina la rangi nyeusi, kwa kukumbuka ule mzaha wa Henry Ford kwamba mteja ana uhuru wa kuchagua rangi yoyote ya gari, alimradi iwe nyeusi. Jina hilo ni ungamo, kwa sababu programu hizi humnyima mtumiaji karibu kila hiari, na humo ndimo ilimo faida yake kwa timu zilizokuwa zikibishana juma zima juu ya nafasi mbili au nne.

Kiswahili bado hakijatulia juu ya jina la chombo hiki. Kitenzi umbiza, kinachotumiwa katika baadhi ya programu za ofisi zilizotafsiriwa, kimetokana na umba, na chombo hiki hakiumbi chochote. Kinadhifishi kingefaa kama msimbo ungekuwa mchafu, ilhali mara nyingi ni safi na tatizo ni kwamba kila mmoja ameusafisha kivyake. Na kipanga, ambacho kingekuwa kifupi na kitamu kuliko vyote, tayari ni ndege, tena mla vifaranga. Makala hii inapendekeza kisanifishi, kwa kufuata njia ileile iliyotoa kichapishi kutoka chapisha, na kwa sababu kitenzi sanifisha kina historia inayolingana na jambo lenyewe. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilipoanza kuratibu tahajia, hoja haikuwa kwamba Kimvita ni kibaya, kwani washairi wake wameendelea kukitungia hadi leo; hoja ilikuwa kwamba vitabu vya nchi kadhaa vinahitaji tahajia moja. Kisanifishi nacho hakidai kuwa mpangilio wake ni mzuri kuliko wa mtu fulani, bali hudai kuwa ni mmoja.

Watu wengi hudhani kwamba kisanifishi hupita juu ya msimbo kikirekebisha nafasi hapa na pale, kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Sivyo. Mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kuichanganua sentensi kwa mchoro wa matawi anakijua tayari kinachotokea: sentensi hugawanyika kuwa kikundi nomino na kikundi tenzi, vikundi hivyo hugawanyika tena, na mchoro ukikamilika hakuna tawi linaloonyesha kama mwandishi aliacha nafasi moja au tano kati ya maneno, wala kama sentensi ilianzia juu au katikati ya ukurasa. Kisanifishi huuchora msimbo kwa namna hiyohiyo, kisha, kwa sehemu kubwa, huutupa mpangilio wa mwandishi na kuandika matini mpya kwa kuutazama mchoro peke yake. Katika mchoro wa msimbo wa Apple, agizo la pili la goto fail halining'inii kwenye tawi la sharti, bali ni ndugu wa sharti lenyewe, na kwa hiyo kisanifishi chochote cha C kingelichapa likiwa limetoka nje, sambamba na if, mahali ambapo hata mkaguzi mwenye usingizi angejiuliza linafanya nini pale.

Kutoka matini kwenda mchoro ni kazi ya kawaida. Ufundi unaostaajabisha umo katika safari ya kurudi, kwa sababu mchoro hauna upana lakini ukurasa unao, na lazima iamuliwe kila mstari ukatwe wapi. Tatizo hili wasomaji wa mashairi ya magazetini wamelitazama miaka mingi bila kulipa jina. Shairi la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, kwa kawaida vyenye mizani minane kila kimoja. Safu ya gazeti ikiwa pana, msanifu kurasa huweka ukwapi na utao kwenye mstari mmoja na kuvitenganisha kwa mkato. Safu ikiwa nyembamba, utao hushuka na kuanza mstari wake, ukisogezwa ndani kidogo ili ujulikane kuwa ni mwendelezo. Msanifu asiyejua ushairi huacha mstari ukatike popote karatasi inapoishia, hata katikati ya neno la utao, na vina vya kati hupotelea humo. Anayejua hufuata kanuni mbili bila kuzisema: kwanza, hukata kwenye kiungo kikubwa kabla ya kidogo, ubeti kutoka ubeti, kisha mshororo kutoka mshororo, kisha kipande kutoka kipande, wala hagusi ndani ya kipande maadamu pana kiungo kikubwa zaidi ambacho hakijakatwa; pili, akilazimika kuushusha utao wa mshororo mmoja, huushusha katika mishororo yote minne, ili ubeti usiwe na mguu mmoja mrefu. Mizani haibadiliki kwa lolote kati ya hayo. Hata ubeti wa utenzi, ambao katika hati za Kiarabu aghalabu uliandikwa vipande vinne kwenye mstari mmoja, na katika vitabu vya hati za Kirumi huchapwa kwa mistari minne, ni ubeti uleule.

Kisanifishi hufanya hivyohivyo, ila ubeti wake huitwa kundi, na kundi ni sehemu yoyote ya mchoro inayopaswa ama kukaa kwenye mstari mmoja ama kukatwa katika viungo vyake vyote. Agizo lifuatalo lina herufi na alama 44, nafasi zikihesabiwa:

tuma(mpokeaji, tafuta(daftari, jina), kiasi)

Upana ukiwa 80, kipimo kilichorithiwa kutoka kadi za kutoboa za IBM za mwaka 1928, agizo hilo hukaa lilivyo. Upana ukipunguzwa hadi 30, kundi la nje hukatwa kote, lakini la ndani, kwa kuwa linaenea, huachwa:

tuma(
  mpokeaji,
  tafuta(daftari, jina),
  kiasi
)

Upana ukiwa 20, tafuta nayo hufunguka. Mtu akitaka kuujaribu kila mpangilio unaowezekana ili auchague ulio bora, msimbo wenye makundi 20 tu humpa hadi mipangilio 1,048,576, na faili la kawaida lina makundi maelfu. Derek Oppen, alipokuwa Chuo Kikuu cha Stanford, alionyesha mwaka 1980 kwamba hesabu hiyo yote haihitajiki. Mashine ifikapo mwanzo wa kundi, huanza kuhesabu herufi zake kwenda mbele. Kundi likiisha kabla ya nafasi iliyobaki kwenye mstari kwisha, linaenea. Hesabu ikizidi nafasi hiyo kwa herufi moja, jibu limekwishapatikana, na hakuna haja ya kujua kama kundi lina herufi 31 au 31,000. Ni sawa na msanifu kurasa ambaye, ili aamue kuushusha utao, hahitaji kulisoma shairi lote. Humtosha kuhesabu hadi ukingo wa safu. Kwa hiyo mashine hupita juu ya msimbo mara moja, haitazami mbele zaidi ya upana wa mstari mmoja, na kumbukumbu inayohitaji hupimwa kwa upana huo wala si kwa urefu wa faili. Philip Wadler aliiandika upya mbinu ya makundi katika miaka ya 1990, akaijenga kwa vipande vichache vinavyounganika kama kanuni za aljebra, na Prettier ilichukua kwake mbinu hiyo, tena jina la chombo hicho linafanana na anwani ya makala ya Wadler.

Si kila kisanifishi hufuata njia hii. Chombo cha clang-format hutoza faini kwa kila mkato mbaya na kutafuta mpangilio wenye jumla ndogo ya faini, na gofmt haina kikomo cha upana kabisa, bali huacha mikato mingi ya mwandishi ilivyo. Katika Python ujongezo ni sehemu ya maana, kwa hiyo Black haiwezi kufichua kosa kama lile la Apple. Zaidi ya hayo, siku msimbo wa zamani unaposanifishwa kwa mara ya kwanza, rekodi za Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, huonyesha kwamba maelfu ya mistari imeandikwa upya na mtu mmoja, kero iliyopata dawa mwaka 2019, Git ilipoongezewa uwezo wa kuruka badiliko lililotajwa.

Linalobaki gumu ni maoni, yaani yale maelezo ambayo mwanaprogramu humwandikia mwenzake na mashine huyapuuza. Mchoro wa matawi hauna tawi lao, kwa hiyo kisanifishi hulazimika kukisia kila oni lilikuwa jirani wa neno gani na kulibandika hapo, na visa vya kukisia vibaya ni vingi. Kwa majedwali ya namba ambayo mtu ameyapanga safu kwa safu kwa mkono, Black haikisii: anayetaka yabaki yalivyo huandika juu yake oni la fmt: off na chini yake fmt: on, na mistari iliyo katikati hubaki na nafasi zake zote.